Kuchora Kabla ya Kuchimba: Hatua za Kusanifu Uwanja wa Shule Wenye Mteremko

Katika usanifu wa mandhari, mchoro ni chombo cha kufikiria kabla ya kuwa chombo cha kumwonyesha mteja. Anayechora baada ya kuamua kila kitu hukosa faida yake kubwa, kwa sababu ni pale penseli inapofuata umbo la ardhi ndipo jicho linapogundua lililokuwa limepitwa. Tuchukue mfano wa uwanja wa shule jijini Dar es Salaam, wenye urefu wa mita 20 kutoka ukuta wa madarasa hadi kwenye uzio, na mwembe mkubwa karibu na katikati.

Hatua ya 1: Tembea ukichora. Usipime chochote bado. Chora mahali wanafunzi wanapokaa wakati wa mapumziko, vijia walivyovikanyaga hadi nyasi zikaisha, na michirizi iliyoachwa na maji. Ikiwezekana, fanya kazi hii wakati wa masika, kwani mkondo unaoonekana wazi mwezi Aprili huwa umefutika ifikapo Agosti. Picha za simu zina msaada wake, lakini kamera hunasa kila kitu, ilhali mkono hulazimika kuchagua.

Hatua ya 2: Chora ramani kwa skeli ya 1:200, yaani sentimita 1 kwa mita 2. Ili kupata mahali pa mti, pima umbali wake kutoka kona mbili za jengo, kisha chora tao kwa bikari kutoka kila kona; matao yanapokutana ndipo shina lilipo. Weka alama ya kaskazini.

Hatua ya 3: Chora mkato, yaani umbo la ardhi likitazamwa kwa ubavu kana kwamba limekatwa kwa kisu. Hapa tumia muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa kuwa ramani huonyesha ardhi kana kwamba ni tambarare, na makosa mengi ya gharama hujificha humo. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kama mafundi ujenzi wanavyofanya: maji ya ncha zote mbili husimama katika usawa mmoja, hivyo tofauti ya kimo kutoka maji hadi ardhini katika kila ncha hukupa mshuko.

Tuseme ardhi inashuka mita 1.2, sawa na asilimia 6, na mteja anataka matuta mawili bapa ya mita 10 kila moja. Chora kwa skeli ya 1:100, ukitumia kipimo kilekile kwa urefu na kwa kimo. Utaona mara moja kwamba tuta la juu litachimbwa sentimita 30 upande wa madarasa na kujazwa udongo kiasi hichohicho ukingoni, na mwembe ulio mita 9 kutoka ukutani utafukiwa shina kwa sentimita 24. Udongo wa namna hiyo huinyima mizizi hewa, na mti unaweza kufa polepole bila mtu kutambua sababu. Kwa hiyo ukuta unaozuia udongo ukingoni mwa tuta la juu usogezwe juu, nje ya kivuli cha matawi, na ardhi iliyo chini ya mwembe ibaki ilivyo.

Hatua ya 4: Ongeza vivuli. Mwezi Juni, jua la adhuhuri jijini humo huwa upande wa kaskazini, kwenye pembe ya takriban digrii 60, na mti wa mita 6 hutupa kivuli cha mita 3.5 hivi kuelekea kusini. Desemba kivuli huwa kifupi zaidi na huelekea kaskazini. Mabenchi yafuate vivuli hivyo.

Hatua ya 5: Tandika karatasi ya kunakilia juu ya ramani na ujaribu mapendekezo kadhaa, kila moja kwenye karatasi yake. Humphry Repton, msanifu wa bustani wa Uingereza aliyefariki mwaka 1818, aliwapa wateja wake picha zenye kipande cha kufunua, ili waone hali iliyopo na hali inayopendekezwa mahali palepale. Njia hiyo bado inafaa sana kwa walimu na wazazi wasiozoea kusoma ramani. Wape penseli nao wachore.

Baada ya makubaliano, hamishia mistari uwanjani kwa vigingi na kamba, na uiache siku chache wanafunzi wakiendelea kupita. Kamba itakayokatiza kijia chao irudishwe kwenye karatasi na kuchorwa upya kabla ya jembe la kwanza.