Chokaa, si DCP: madini ya wanakondoo wanaonenepeshwa kwa nafaka

Mwanakondoo dume anayelishwa mahindi akisimama ametanua miguu ya nyuma, anajikamua na mkojo unatoka kwa matone, usidhani amevimbiwa. Pekua nywele za kwenye mdomo wa ngozi inayofunika uume. Ukipapasa chengachenga ngumu kama mchanga, hivyo ni vijiwe vya mkojo, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo kabla kibofu hakijapasuka. Waliohasiwa wakiwa wachanga ndio huumia zaidi, kwa kuwa njia yao ya mkojo ilibaki nyembamba.

Chanzo ni fosforasi. Mahindi yana kalsiamu kidogo mno, na pumba za ngano zina fosforasi nyingi kuliko hata mahindi. Mlo unatakiwa uwe na kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Wengi hukosea dukani: wananunua DCP (dikalsiamu fosfati, yenye kalsiamu na fosforasi pamoja) wakitafuta kalsiamu, kumbe wanarundika fosforasi juu ya ile iliyokwisha kuzidi. Nunua chokaa ya mifugo, inayoleta kalsiamu bila kuongeza fosforasi (ile ya kupaka ukuta ni kitu kingine kabisa).

Kwa kilo 100 changanya mahindi yaliyoparazwa 77, mashudu ya alizeti 20, chokaa 2 na chumvi 1. Ukiweka kilo 15 za pumba za ngano mahali pa mahindi, pandisha chokaa hadi 2.5. Nyunyiza molasi kidogo, la sivyo chokaa hushuka chini ya kihori na kubaki hapo. Maji yawepo kutwa. Chumvi huwekwa ili anywe zaidi na mkojo uwe mwepesi, hivyo haina faida kwa mnyama asiyekunywa.

Usisage mahindi kuwa unga laini. Unga huchacha upesi tumboni, na kondoo asiyetafuna hatoi mate ya kutosha kuzima tindikali. Anza na gramu 100 za mchanganyiko kwa kila mwanakondoo kwa siku, ongeza 50 kila baada ya siku tatu, nyasi kavu zikitangulia kila asubuhi. Kinyesi kikiwa ujiuji wenye harufu ya uchachu, rudi nyuma hatua moja. Magadi ya kuokea hupunguza tindikali ya tumbo, lakini hayazuii vijiwe: aina inayoletwa na nafaka hustawi kwenye mkojo usio na tindikali.

Madini ya ng'ombe, nguruwe au kuku usiwape. Shaba iliyomo hujilimbikiza kwenye ini la kondoo kimyakimya kwa wiki nyingi, kisha ghafla macho yanakuwa manjano, mkojo mweusi kama kahawa, na mnyama anakufa.