Haji Ndani ya Treni: Namna ya Kwenda na Kurudi Bila Kubeba Maradhi

Mara ya pili nilipotoka Makka nilirudi na kikohozi, nikakiita uchovu wa safari. Mimi ni muuguzi, na nilikwenda kama muuguzi wa msafara, kwa hiyo nilijua ninachokificha. Lakini nyumbani kwangu Makorora, Tanga, mikeka ilikwisha tandikwa barazani, majirani wamejaa, birika la zamzam linazunguka na kikombe kimoja. Nani atawaambia watu walioacha shughuli zao wakaja kumlaki haji kwamba wasimsogelee? Siku ya nne mjukuu wangu wa miaka miwili alilazwa kwa nimonia. Alipona, alhamdulillahi, lakini usiku mbili za kukaa pembeni ya kile kitanda ndizo zinazonifanya niandike haya.

Naanza na sindano, kabla hata ya kufunga begi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya makundi manne A, C, W na Y, haina mjadala. Bila cheti chake hutasafiri. Chanzo chake ni kisa cha kweli. Mwaka 1987 kundi A lililipuka kwenye Hija. Mwaka 2000 na 2001 likaja kundi W, na huko Ulaya wakaugua hata watu ambao hawakukanyaga Makka, waliishi tu nyumba moja na haji aliyerudi. Chanjwa angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia. Halafu soma cheti chako mwenyewe palepale dirishani: chanjo aina ya konjugeti, ile mpya zaidi, huhesabiwa miaka 5, ile ya zamani miaka 3, na aina isipoandikwa utahesabiwa miaka 3 tu. Nimeona mzee wa watu akichomwa upya kwa sababu ya neno moja lililosahaulika.

Wenzetu wa Kenya, Uganda, Burundi na Kongo huulizwa pia kadi ya homa ya manjano. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha, kwa hiyo usikubali kuambiwa kadi yako imekufa baada ya miaka 10. Masharti ya polio na Uviko hubadilika mwaka hadi mwaka, muulize kiongozi wa msafara wako mapema. Chanjo ya mafua watu wanaidharau. Mimi siku hizi siendi bila hiyo.

Sasa treni. Ziko mbili, na hatari zake hazifanani.

Ya kwanza ni Haramain, inayounganisha Makka, Jeddah na Madina tangu 2018. Reli yake ni kilomita 450 na hukimbia hadi kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo Madina hadi Makka ni kama saa mbili na nusu. Kila mtu ana siti yenye namba, hakuna kusukumana. Tatizo ni kiyoyozi na madirisha yasiyofunguka. Anayetoka Madina kwenda kufanya umra huoga hotelini na kuvaa ihramu hukohuko, kwa kuwa treni haisimami Dhul-Hulayfa, mahali pa kuingilia ihramu kwa watokao Madina, kumsubiri mtu. Matokeo yake tunapanda na nywele mbichi, bega moja wazi, tukitoka kwenye joto la nyuzi 43 kuingia kwenye baridi kama ya Lushoto mwezi wa saba. Baridi yenyewe haileti mafua, virusi ndivyo vinavyoleta, ila hewa kavu hukausha koo na kila mtu huanza kukohoa, ukashindwa kumjua mgonjwa na mzima. Kwa hiyo jikaushe vizuri, kunywa maji kabla ya kupanda, na mwenye kikohozi mwekeni siti ya dirishani, avae barakoa, pembeni yake akae yule anayelala naye chumba kimoja. Maradhi yale wamekwisha gawana. Hakuna haja ya kumwongeza wa tatu. Kile kimeza kinachokunjuliwa mbele yako kifute kabla hujaweka tende zako.

Kuhusu vitakasa mikono: ukiwa ndani ya ihramu manukato ni haramu, na vingi vya dukani vina harufu. Nunua visivyo na harufu huku huku nyumbani, pamoja na sabuni yake. Suala la barakoa juu ya uso wa mwenye ihramu, hasa kwa wanawake, muulize shekhe wa msafara kabla ya safari. Msibishane jukwaani treni ikiwa imefika.

Treni ya pili ni ile ya Mashair, yaani maeneo ya ibada ya Hija, iliyoanza 2010, yenye vituo tisa: vitatu Arafa, vitatu Muzdalifa, vitatu Mina. Ina urefu wa kilomita 18 tu na hufanya kazi siku chache za Hija, kisha hulala hadi mwaka mwingine. Si kila msafara hupangiwa. Wengi wetu huenda kwa mabasi. Nimeipanda mwaka mmoja tu. Safari ya Arafa hadi Muzdalifa ilikuwa ya dakika chache, hata sikumaliza kupanga pumzi. Foleni ya kuifikia ndiyo iliyotumaliza. Watu hushikiliwa chini kwa makundi, kundi likipanda jukwaani jingine linasogezwa, na behewa moja hubeba watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wima. Humo mtu hukuhemea usoni na huna pa kugeukia.

Kwa hiyo treni ile ijali kuanzia kwenye foleni. Kila mtu awe na bangili yake ya kupandia mkononi, msitawanyike. Barakoa vaa ukiwa bado chini, usisubiri mlango ufunguke. Mzee na mgonjwa wa sukari wapate kula kitu kabla ya kuingia foleni, wabebe maji na pakiti mbili za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Mwavuli ni dawa. Juni 17 mwaka 2024 pale Msikiti Mtukufu kipimo kilifika nyuzi 51.8, na Hija ile ilichukua roho za watu zaidi ya 1,300, wengi wao waliokwenda bila kibali na hivyo bila hema wala gari. Mgonjwa mwenye homa asipelekwe kwenye foleni ya treni hata akisisitiza. Mwambieni kiongozi mapema atafutiwe usafiri mwingine.

Msafara ukiwa na siku ya bure, mtashawishiwa kwenda kuona ngamia na kunywa maziwa yao mabichi. Msiende. Kirusi cha MERS, maradhi makali ya njia ya hewa, kilichogunduliwa Saudia 2012, hutoka kwa ngamia.

Wapo wanaosema karantini ni mambo ya Uviko. Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka Makka, mahujaji wakashuka Suez kwa meli, wakapanda treni hadi Alexandria, na kutoka bandari ile kikaenea Ulaya. Reli ilikipa miguu. Baada ya hapo vikawekwa vituo vya karantini: kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Shamu kwa waliotoka kusini na mashariki, Tor kule Sinai kwa waliorudi kupitia Misri. Reli ya Hijazi ilipofika Madina kutoka Damascus mwaka 1908, Tabuk nayo ikawa mahali pa kuzuiliwa mahujaji wa treni. Pale Tor, mwaka 1905, ndipo kilipopatikana kwa mahujaji kidudu kilichopewa jina la El Tor, aina ya kidudu cha kipindupindu inayotusumbua hadi leo. Sisi wa Tanga tusijione tuko mbali: mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara hadi Pangani kisha kikavuka kwenda Unguja, na daktari James Christie aliyekuwa akitibu Unguja alikifuatilia nyuma hadi upande wa Bahari ya Shamu.

Tor na Tabuk walikuwepo askari wa kukuzuia. Leo hakuna. Karantini yako unaishika mwenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Tofautisha mambo mawili. Mwenye homa au kikohozi anajitenga, huyo ni mgonjwa. Asiye na dalili anajichunga siku 14, kwa sababu maradhi ya njia ya hewa yanaweza kukaa kimya kiasi hicho. Kuanzia uwanja wa ndege, mwenye dalili aseme kwenye meza ya afya. Mahujaji wa Morogoro na Dodoma ambao tangu 2024 wanaunganisha na treni ya SGR, mwenye homa asipande siku hiyo. Alale Dar, apimwe. Ukienda hospitali ndani ya siku hizo 14, neno la kwanza liwe "nimetoka Hija".

Nyumbani kuna kazi ya kuzungumza kabla hujafika. Safari ya tatu nilimpigia simu imamu wa mtaa nikiwa bado Madina. Ijumaa akawakumbusha watu ile hadithi ya mwenye ngamia wagonjwa kutowapeleka kwa wenye ngamia wazima, akasema Bi Hajjati atapokewa barazani. Nilikuta viti nje, chini ya mwarobaini. Salamu nikazipokea mkono ukiwa kifuani. Shangazi yangu alinuna, akasema nimerudi na maringo ya Kiarabu. Nikamwacha anune.

Zamzam niliigawa kwenye vikombe vidogo vya karatasi, mia moja kwa bei ya kilo ya sukari, kila mtu na chake, aliyekunywa anatupa kwenye ndoo. Tende nilizifunga mbili mbili kwenye karatasi tangu Madina, usiku, kwa mikono iliyonawa. Chumba nikalala peke yangu, dirisha wazi, kipimajoto kando ya kitanda; asubuhi na jioni naandika kwenye daftari la mjukuu. Wachanga, wajawazito, wazee wenye pumu, hao niliwaomba waje wiki ya tatu.

Siku ya 15 mjukuu alikuja mbio na daftari lake, akitaka nilipe kurasa nilizochana.