Kabla Hujapaka Rangi Chambo cha Mbao, Shughulikia Matundu

Mbao ya chambo, yaani samaki wa bandia wa kuvulia, iwe kavu kabisa. Ukifungia unyevu chini ya rangi, siku utakapotoka utabandua na rangi yako. Piga msasa namba 120, malizia na 240 au 320, kisha futa vumbi lote. Msasa laini zaidi ya hapo wa nini? Rangi inataka pa kushika.

Sasa matundu, na hapa nisikilize vizuri. Niliwahi kuchonga vyambo sita, nikavipaka vanishi mikono mitatu mpaka vikang'aa, ndipo nikatoboa na kukaza skrubu zenye pete za kufungia ndoana. Safari ya kwanza vilicheza majini kama samaki hai. Ya tatu, kimoja kikaanza kulala ubavu. Nikasingizia kipande cha risasi nilichoweka tumboni kuwa uzito. Nilipokikagua, rangi ya mkiani ilikuwa imetutumka. Nikabonyeza kwa ukucha, maji yakachuruzika. Vanishi ilikuwa nzima mwili wote, ila maji yalipita kwenye tundu la skrubu, ambako mbao ilibaki uchi. Cha pili sikupata hata kukikagua: mbao ilikuwa imelainika, samaki akavuta, skrubu ikang'oka, akaenda nayo na ndoana yangu.

Mbao hunywa maji zaidi kwenye ncha zake, nyuzi zinakokatika, kuliko ubavuni. Na ncha hizo ndizo pua na mkia, ambako skrubu hukaa! Kwa hiyo toboa kila kitu kwanza, pamoja na shimo la risasi na mfuo wa ulimi, kile kibamba cha mbele kinachozamisha chambo kikivutwa. Tia vanishi iliyozimuliwa ndani ya kila tundu kwa njiti, iache inywewe, ndipo uchovye chambo kizima. Ikikauka, kaza skrubu ikiwa na tone la epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, kwenye meno yake.

Jaribu chambo kinavyoelea ndani ya ndoo, ndoana zikiwa zimefungwa, baada ya kuziba mbao na kabla ya rangi. Ukumbuke kwamba rangi na epoksi vitaongeza uzito bado. Kisha zifungue.

Epoksi ya kufunika chambo pima kama kopo linavyosema. Usikadirie kwa macho, itabaki inanata milele. Koroga polepole isijae mapovu, na zungusha chambo mpaka iache kutiririka. Usikitoe kivulini ukakianika juani ingali mbichi: hewa iliyo ndani ya mbao itatanuka na kuinua mapovu.

Rangi na vanishi za aina tofauti zijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao. Nyingine hukunjana kama ngozi ya maziwa. Chambo kilichokamilika usikihifadhi pamoja na vile vya plastiki laini, vinayeyusha rangi. Fungua madirisha, vaa glavu. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike, hujipasha joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke. Na ndoana zirudishe mwisho kabisa, vidole vikishamaliza kazi.