Namna ya kuboresha tovuti ya lugha ya programu ili imkaribishe mgeni

Lugha ya programu iitwayo Haskell ilianza kubuniwa na kamati ya wanazuoni mwaka 1987, na maelezo yake rasmi ya kwanza yakatoka mwaka 1990. Tovuti yake, haskell.org, hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea. Yeyote anayetaka kushika kazi ya aina hii, hata kama ni kwa lugha nyingine kabisa, atajifunza mengi kwa kuangalia tovuti hiyo ilivyobadilika.

Kabla ya kugusa rangi, nembo au mpangilio, mtafute mtu anayeandika programu kwa lugha nyingine lakini hajawahi kuitumia yenu. Mkalishe mbele ya ukurasa wa mwanzo, umwombe aendeshe programu yake ya kwanza kwenye kompyuta yake mwenyewe, kisha unyamaze. Andika kila mahali anaposita, kila neno analoliuliza, na kila kiungo anachokibonyeza akitarajia kitu kingine. Orodha hiyo ndiyo itakayowaongoza, na ina uzito kuliko maoni ya wajuzi kumi, kwa kuwa mjuzi hawezi tena kuisoma tovuti kwa macho ya mtu asiyejua.

Lijaribuni kwanza tamko la juu kabisa. Kwa miaka kadhaa tovuti ya Rust iliitambulisha lugha hiyo kwa sentensi iliyozungumzia kasi na aina za hitilafu za kumbukumbu ambazo mtu asiyewahi kuandika programu za mfumo hakuwa na sababu ya kuzijua. Mwishoni mwa mwaka 2018 tovuti ilipoundwa upya, tamko jipya lilisema kwamba lugha hiyo inampa kila mtu uwezo wa kujenga programu za kutegemewa na zenye ufanisi. Wapo waliolalamika kwamba jipya halina makali ya lile la zamani, na hoja yao ina uzito, maana maneno mapana mno huweza kuifanya lugha ifanane na nyingine zote. Ninavyoona mimi, tamko zuri hutaja kazi ambayo msomaji anaitambua, na papo hapo hutaja jambo moja ambalo lugha hiyo hulifanya vizuri kupita jirani zake.

Mfano wa msimbo unahitaji uangalifu uleule. Ukurasa wa mwanzo wa haskell.org uliwahi kuonyesha mistari michache ya kutafuta namba tasa. Ilipendeza machoni pa wenyeji, lakini mgeni hakuona inamhusu nini, na wajuzi nao wakabishana kama kweli inastahili kuitwa chekeche la Eratosthenes, yaani ile njia ya kale ya kutafuta namba tasa. Chagueni programu ndogo inayosoma faili, kuhesabu kitu na kutoa jibu, na mkiweza, mgeni aiendeshe ndani ya kivinjari chake kabla ya kusakinisha chochote.

Ukurasa wa kusakinisha ndipo wageni wengi hupotelea, na ndipo penye kazi ngumu zaidi. Kwa muda mrefu ukurasa wa kupakua wa Haskell uliorodhesha njia tatu: kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha) peke yake pamoja na zana chache, kifurushi kikubwa kilichoitwa Haskell Platform, na zana iitwayo Stack. Kila njia ilikuwa na watu walioitetea kwa sababu za msingi, kwa hiyo kuziweka zote sambamba kulionekana kuwa haki. Lakini mgeni ndiye aliyelipa gharama ya haki hiyo, kwa sababu aliombwa aamue jambo ambalo wenyeji wenyewe walishindwa kuliamua. Leo ukurasa huo unapendekeza GHCup, ambayo husakinisha kompaila na zana nyingine, Stack ikiwemo.

Ili kufikia uamuzi wa namna hiyo, msianze kwa kubadilisha ukurasa. Andikeni pendekezo fupi linaloeleza yaliyowapata wageni mliowatazama, mlipeleke kwa watunzaji wa kila zana inayohusika, na mwonyeshe wazi kwamba njia zisizopewa nafasi ya kwanza zitabaki kwenye ukurasa unaofuata, zikiwa na maelezo ya nani zinamfaa. Kisha ijaribuni njia iliyochaguliwa kwenye kompyuta isiyo na kitu, hasa ya Windows, na mtaje mapema ukubwa wa kinachopakuliwa. Anayetumia bando la simu Mwanza au Kisumu anapaswa kujua kwamba zana hizi zitamgharimu mamia ya megabaiti kabla hajabonyeza.

Hakikisheni pia kwamba kurasa zinasomeka kwenye simu na kwa visoma skrini, yaani programu zinazowasomea wasioona kwa sauti.

Tafsiri ziachwe mpaka maandishi ya asili yatulie. Utaratibu wa lugha ya programu ya Python wa kutafsiri hati zake, ulioandikwa mwaka 2017, hutaka mafunzo ya kuanzia yawe yametafsiriwa kikamilifu kabla lugha ya tafsiri haijaonekana kwenye orodha ya kuchagua, na huo ni mpangilio wa busara hata kwa atakayeanza tafsiri ya Kiswahili, kwa sababu mwanafunzi anahitaji sura moja kamili kuliko vichwa vya habari mia.

Mnapowasilisha kazi, kila pendekezo la mabadiliko libebe jambo moja tu na lieleze ni tatizo gani la mgeni linalotatuliwa. Mabadiliko madogo hukaguliwa haraka na watunzaji ambao nao wanajitolea baada ya saa za kazi, ilhali mageuzi makubwa yanayoletwa kwa mkupuo hukaa miezi bila jibu. Mwisho, mteueni mtu ambaye, kila toleo jipya la kompaila linapotoka, atafuata maelekezo ya kusakinisha neno kwa neno kwenye kompyuta safi na kusahihisha namba na picha zilizopitwa na wakati siku hiyohiyo.