Somo: Kupunguza maumivu ya kifundo cha mkono kwa mwanafunzi anayesomea kwenye simu

Mwanafunzi asiye na kompyuta hufanya karibu kila kitu kwa simu, kuanzia kusoma vitini hadi kuandika kazi za kikundi, na mzigo huo huangukia kidole gumba. Kano mbili zinazokiinua kidole hicho hupita ndani ya ala nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Zikitumika kupita kiasi, ala hiyo hunenepa na kila mjongeo huuma. Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi, aliieleza hali hii mwaka 1895, kwa hiyo tusiilaumu simu peke yake.

Hatua ya 1. Tambua panapouma. Kunja kidole gumba kiganjani, funga vidole vingine juu yake, kisha uinamishe ngumi polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa kidole gumba yanaashiria kano hizo, ingawa mvuto mdogo huhisiwa hata na mtu mzima wa afya. Ukiona ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda ni neva iliyobanwa.

Hatua ya 2. Badilisha namna ya kushika. Hapa ndipo penye tiba kubwa, na ndipo wengi wanapokaidi. Shika simu kwa mkono mmoja na ubonyeze kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili, kwa sababu kidole gumba kinachoshikilia simu pana huku kikinyooshwa hadi pembe ya mbali ya kioo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unaposoma tu, egemeza simu kwenye vitabu.

Hatua ya 3. Punguza kuandika. Tuma ujumbe wa sauti inapofaa, na insha ndefu iandikie kwenye kompyuta ya maktaba. Kuhamia kwenye kalamu si nafuu sana, kwani nayo hubanwa kwa kidole kilekile.

Hatua ya 4. Pumzisha panapouma. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, na ukivaa kishikizo, yaani kifaa kigumu cha kuutuliza mkono usijongee, kiwe kinachofunga kidole gumba pia.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi hunichua kwa nguvu kila jioni. Je, niendelee?
Jibu: Marahaba. Mwombe bibi apake dawa bila kukandamiza, maana ala iliyovimba huzidi kuchokozwa ikisuguliwa.

Swali: Mimi ni mwanafunzi ninayenyonyesha, na simu siishiki sana. Mbona mkono unauma?
Jibu: Tatizo hili huwapata sana akina mama wenye watoto wachanga, kwa kuwa humnyanyua mtoto kwa kumtia mikono kwapani, vidole gumba vikiwa vimetanuliwa. Mnyanyue kwa kupitisha viganja chini ya makalio na mgongo wake, na usimeze dawa ya maumivu kabla ya kumweleza mtoa huduma kwamba unanyonyesha.

Swali: Daktari amependekeza sindano kwenye kifundo. Niogope?
Jibu: Sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, huwasaidia wengi pale mapumziko na kishikizo vinaposhindwa, na upasuaji huhitajika kwa wachache. Muulize daktari kuhusu ngozi ya mahali hapo, kwa sababu wakati mwingine hupauka au kubonyea, na kwa ngozi nyeusi doa hilo huonekana wazi kwa miezi kadhaa.