Somo: Kupandishwa daraja la kabini kabla meli haijang'oa nanga

Wanachama wenzangu wa chama cha safari hapa Kisumu, hamjambo. Tangu nirudi kutoka Barcelona, kila tukikutana swali ni lile lile: mtu afanyeje alipie chumba cha ndani kisha alale chenye roshani? Nimepanda meli za starehe mara tatu. Mara moja nilipandishwa daraja nikafurahi, mara moja nilikataliwa, mara moja nilipandishwa nikajuta. Acha nianze na majuto.

Nilikuwa nimetoa dau kwenye mtandao, yaani kutaja kiasi nitakachoongeza ili nipandishwe daraja, likakubaliwa siku nne kabla ya safari. Nilivyofika kabini nikavuta pazia kwa mbwembwe, na mbele yangu kukawa na tumbo la mashua ya uokoaji, la rangi ya machungwa, limeziba bahari yote. Niliona misumari yake vizuri kuliko nilivyoiona Mediterania. Halafu kabini yenyewe ilikuwa upande wa omo, yaani mbele ya meli. Usiku wa pili bahari ilichafuka, glasi ikateleza mezani polepole kama imeitwa na mtu. Kile chumba changu cha kwanza, cha bei rahisi, kilikuwa katikati ya meli, sitaha ya chini, mahali pasipoyumba sana. Wazee wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma, ngama ni tumbo la chombo. Mimi nililipa dola nitolewe ngamani!

Sasa hatua zenyewe.

Hatua ya 1. Jua unachopanda. Madaraja kwa kawaida ni manne: chumba cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye roshani, na switi. Fungua ramani ya sitaha za meli yako kwenye tovuti ya kampuni. Tazama kilicho juu na chini ya vyumba. Chini ya ukumbi wa dansi au jiko utasikia viti vikiburutwa hadi usiku wa manane. Vyumba vilivyozibwa na mashua huwa na alama yake, usiipuuze kama mimi.

Hatua ya 2. Wakati wa kununua, fikiria kabini isiyo na namba. Kwenye karatasi zako utaona herufi GTY. Maana yake unalipia daraja, kampuni inakuchagulia chumba baadaye. Haiwezi kukushusha chini ya ulicholipia, ila inaweza kukupandisha vyumba vya chini vikijaa. Bei huwa nafuu. Lakini ukiwa na goti bovu na unataka kuwa karibu na lifti, au mnasafiri familia mbili mnaotaka kupakana, achana nayo.

Hatua ya 3. Angalia bei tena kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo mara nyingi ni miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Roshani ikishuka bei, mpigie wakala wako siku hiyo hiyo. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo iliyonipa roshani yangu ya kwanza bila bahati nasibu yoyote.

Hatua ya 4. Dau. Kampuni nyingi hutuma barua pepe ya kukualika utaje kiasi utakachoongeza. Hapa penseli na karatasi. Dau ni la kila mtu, na kwa kawaida huhesabiwa watu wawili. Ukiandika dola 80, unakatwa 160. Linganisha jumla hiyo na bei ya sasa ya roshani. Nimeona watu wakitoa dau linalozidi kununua tu moja kwa moja. Kile kipimo cha rangi kinachokuambia dau lako ni dhaifu au imara kimewekwa na muuzaji, kwa hiyo mimi sikiamini kuliko muuza samaki anayeniambia ngege yake ndiyo ya mwisho. Likishakubaliwa, kadi inakatwa na hakuna kurudi nyuma, wala huchagui namba ya chumba.

Hatua ya 5. Siku ya kupanda. Chagua saa za mapema za kuingia. Ukishapita ukaguzi, nenda moja kwa moja kwenye meza ya huduma kwa wageni, kabla ya chakula, maana kila mtu atakimbilia sahani. Uliza kwa upole kama kuna kabini zilizobaki na tofauti ni kiasi gani. Wakati mwingine wapo waliokosa kufika. Bure ni nadra sana. Ukiambiwa urudi baada ya meli kuondoka, rudi. Na tafadhali, usitie noti ndani ya pasipoti. Hii si barabara ya Busia. Chai hapo itakuletea aibu tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mapacha, Kakamega: Tuko wanne, mimi, baba na watoto wawili. Dau letu litakubalika?
Jibu: Ni vigumu zaidi, mama. Chumba lazima kiwe na vitanda vinne, na idadi ya watu katika kila eneo la meli hubanwa na nafasi za mashua za uokoaji. Ninyi nunueni mapema chumba mnachotaka.

Mwalimu mstaafu, Nakuru: Nikisafiri peke yangu nitalipa dau la mtu mmoja?
Jibu: Mara nyingi hapana, mwalimu. Utatozwa kama mko wawili. Soma masharti kabla ya kubonyeza.

Kijana wa Kondele: Kadi ya M-Pesa ya Visa itatosha?
Jibu: Kwa kulipa mtandaoni, sawa. Lakini haina plastiki, na melini watataka kadi ya kusajili kwa matumizi yako ya ndani. Beba ya benki. Na ukiingia switi, kampuni nyingi huongeza bahashishi ya kila siku inayokatwa moja kwa moja. Kumbuka kuihesabu.

Shangazi wa Dunga: Mimi hutapika hata kwenye mashua ya kwenda kuona viboko. Roshani itanisaidia?
Jibu: Hewa inasaidia, shangazi, lakini mahali panasaidia zaidi. Chukua katikati, sitaha ya chini. Mtu akikupa roshani ya juu upande wa omo, mwambie asante, ampe mwingine.

Mweka hazina wetu: Tukianzia Durban badala ya Ulaya?
Jibu: Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya kwenda Afrika Kusini kwa ziara ya hadi siku 90 kwa mwaka. Hizo pesa za viza zinaweza kuwa dau. Ila uliza kuhusu kila bandari mtakayoshukia, na kila mtu abebe cheti cha homa ya manjano. Kile cha zamani bado kinafaa, siku hizi ni cha maisha. Changu nimekibana ndani ya pasipoti kwa pini. Mkitaka kuona ramani za sitaha, nitakuja nazo Jumamosi.