Male na female si ndugu: jinsi ya kukagua asili ya maneno mawili ya Kiingereza

Mambo vipi wakuu. Mimi naongoza watalii, nakaa Arusha, na miaka mingi nimewaambia wageni kule Tarangire eti female ni male iliyobandikwa fe mbele, mpaka siku moja bibi mmoja Mfaransa siti ya nyuma akacheka, akasema kwetu ni mâle na femelle, mbona hayafanani? Nikashika darubini nikajifanya natafuta simba.

Hatua ya 1. Chukua daftari, piga mstari katikati, andika maana ya kila neno upande wake. Male dume, female jike. Basi, songa.

Hatua ya 2. Fungua dikshonari inayoonyesha asili ya maneno, zipo za bure kwenye simu, asili huwa inakaa chini kabisa watu hawafiki. Maliza neno moja kwanza, usirukeruke. Male: Kifaransa cha zamani masle, kabla yake Kilatini masculus. Female: Kifaransa femelle, kabla yake Kilatini femella, ambalo limetoka kwa femina, mwanamke.

Hatua ya 3, hapa ndo penye utamu. Linganisha yale ya chini kabisa tu. Masculus na femella, undugu uko wapi? Haupo. Sasa uliza nani kabadilika akamfuata mwenzie: ni female, karne ya 14 Waingereza walishazoea kuyaweka maneno haya pamoja, femelle likavutwa likachukua sura ya male. Na msiwacheke, maana sisi kitabu tumelitoa kwa Waarabu, wingi kwao ni kutub, lakini tulivyoona ki pale mbele tukajua ni ile ki yetu, tukasema vitabu. Hata kiplefti ya pale mnara wa saa ni Kiingereza, keep left, ila muulize dereva wa daladala atakuhesabia viplefti bila wasiwasi.

Hatua ya 4. Jaribu mwenyewe na isle na island, wageni wakitoka mbugani si wanashukia Zanzibar, utayahitaji. Ukikwama: isle ni insula ya Kilatini, island ni la Waingereza wenyewe na zamani halikuwa na s kabisa, wakalipachika baadaye wakidhani ni ndugu wa isle. Ndo maana ile s ukiitamka mgeni anakuangalia vibaya.